Kitanzi cha kurushia kwenye 8.27 kHz: eneo na shaba kwanza, mizunguko baadaye

Swali: Nina nguzo mbili za mita 23, zimeachana mita 50, pamoja na amplifaya ya muziki ya wati 100. Nataka kurusha ishara kwenye 8.27 kHz kwa redio ya ridhaa. Kitanzi changu cha kupokelea (antena ya waya uliozungushwa) cha mita 2 kwa 2 kinanasa vizuri stesheni za mbali za masafa ya chini, kwa hiyo rafiki yangu ananishauri nikisuke upya kwa waya mnene, mizunguko 50, nikitumie kurushia. Je, kitafaa? Na kama nitatundika kitanzi kikubwa kwenye nguzo, niweke mizunguko mingapi na kielekee wapi?

Jibu: Ndugu, kitanzi kidogo kiache kiendelee kupokea. Kwa kurushia hakitakufikisha mbali, na mizunguko 50 haitakiokoa. Kitanzi kikubwa kati ya nguzo zako kitafanya kazi, na mzunguko mmoja unatosha. Ipo pia njia ya tatu ambayo hukuiuliza. Kama ardhi yako ni kavu na ya mawe, mimi ningeanza na hiyo.

Nianze na kilichomchanganya rafiki yako, kwa sababu kinawachanganya wengi. Chini ya 30 kHz anga halinyamazi. Radi inayopiga maelfu ya kilomita kutoka ulipo hukufikia, na kelele hizo ndizo zinazoamua utasikia nini. Kitanzi kidogo kinapoteza sehemu kubwa mno ya kile kinachopita, lakini kinapoteza ishara na kelele kwa kiasi kilekile, na amplifaya ya kupokelea inavipandisha vyote viwili pamoja. Uwiano wa ishara na kelele unabaki palepale. Isitoshe, stesheni unazozinasa ni majitu. Chukua SAQ ya Grimeton, Sweden, inayorusha 17.2 kHz mara chache kwa mwaka: mashine yake ya Alexanderson ya mwaka 1924 iliundwa kutoa kilowati 200, na antena yake imebebwa na minara sita ya mita 127. Ishara ya namna hiyo haikuulizi antena yako ni nzuri kiasi gani. Kwenye kurusha hakuna msamaha huo. Nguvu iliyoishia kwenye shaba imekuwa joto, na hakuna amplifaya ya upande wa pili itakayoirudisha.

Sasa tuangalie ukubwa wa tatizo. Urefu wa wimbi la 8.27 kHz ni kilomita 36 na robo. Kitanzi chako kikubwa, ukiuacha waya wa chini mita 3 juu ya ardhi, kitakuwa mita 20 kwa 50, yaani mita za mraba 1,000. Ukinzani wa mnururisho, ule unaoonyesha sehemu ya nguvu inayoondoka kweli kama wimbi, hupatikana kwa kugawa eneo kwa mraba wa urefu wa wimbi, kupiga jawabu mraba, kisha kuzidisha kwa 31,171. Kwa kitanzi hiki unapata kama omu 18 zilizogawanywa kwa bilioni moja. Kikiwa wima juu ya ardhi inayopitisha umeme vizuri, zidisha kwa mbili. Kitanzi hichohicho kwenye 137 kHz kina ukinzani wa mnururisho wa takriban omu 1,360 zilizogawanywa kwa milioni moja, mara 75,000 ya ule wa 8.27. Ukinzani huo hupanda kwa nguvu ya nne ya masafa, ndiyo maana kila hatua ya kushuka chini inauma.

Kwa kuwa huwezi kubadili urefu wa wimbi, kinachobaki mikononi mwako ni momenti ya sumaku: ampea, mara eneo, mara idadi ya mizunguko. Hapa ndipo ushauri wa mizunguko 50 unapojikwaa.

Chukua waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5. Kuuzungusha mara moja kwenye kitanzi chako ni mita 140, na ukinzani wake ni omu 1.6. Tuseme una waya kumi na moja za namna hiyo. Ukiziunga sambamba kama mzunguko mmoja mnene, ukinzani ni omu 0.146, na wati 100 zitasukuma ampea 26. Ukiziunga mfululizo kama mizunguko kumi na moja, ukinzani ni omu 17.7, na wati 100 zitasukuma ampea 2.38. Zidisha 2.38 kwa 11: ni 26 zilezile. Hukupata chochote. Shaba ni ileile, kilo 20 hivi, na uga wa sumaku ni uleule. Idadi ya mizunguko inabadilisha tu ukinzani ambao amplifaya inauona, na kazi hiyo transfoma ndogo inaifanya kwa raha zaidi.

Tena kuna gharama. Mzunguko mmoja wa ukubwa huu una uindukishaji wa karibu milihenri 0.24, na kwenye 8.27 kHz hiyo ni omu 12.5 za riaktansi, yaani upinzani wa kitanzi dhidi ya mkondo unaogeukageuka. Kwa ampea 26, kapasita ya kutyuni inabeba volti 330 hivi. Mizunguko kumi na moja ina uindukishaji mkubwa karibu mara 121, na kapasita sasa inakaa kwenye volti zaidi ya 3,500, huku waya zenyewe zikianza kupitishiana mkondo kwa njia ya kapasitansi iliyopo kati yao. Umejitafutia hatari bila faida.

Kinacholipa ni eneo. Kwa nguvu ileile na uzito uleule wa shaba, momenti ya kitanzi hufuata eneo likigawanywa kwa mzingo. Kitanzi chako kikubwa: 1,000 kwa 140, kama 7.1. Kile kidogo cha mita 2 kwa 2: 4 kwa 8, yaani 0.5. Uwiano ni 14 katika uga na zaidi ya 200 katika nguvu inayorushwa, desibeli 23. Hata ukimimina kilo 20 zote za shaba kwenye kile fremu kidogo, ungehitaji kilowati 20 ili kulingana na kikubwa chenye wati 100. Na ukipata nafasi ya kurefusha kila upande mara mbili kwa shaba ileile, ikiwa nyembamba nusu, unapata desibeli 6. Kuongeza amplifaya maradufu kungekupa 3.

Waya sasa. Usinunue kebo moja nene ya milimita za mraba 16 ukadhani umemaliza. Mkondo wa masafa haya hukimbilia ukingoni mwa shaba: kwenye 8.27 kHz unaingia kama milimita 0.73 tu, na kiini cha kebo nene kinabaki bila kazi. Kebo ya 16 yenye ukinzani wa omu 0.15 ukiipima kwa mkondo wa betri itakuonyesha karibu omu 0.27 kwenye masafa ya kazi, na kusokotwa kwake hakusaidii maana nyuzi zake zinagusana. Waya za 1.5 zenye ganda la plastiki, kila moja peke yake, zina nusu kipenyo kisichofika milimita 0.7, kwa hiyo mkondo unaitumia shaba karibu yote. Zitandaze, zisifungwe bunda. Vipande vya mbao au bomba la plastiki vyenye matundu, vikizitenganisha sentimita chache kila baada ya mita kadhaa, vinatosha. Zikibanana, uga wa kila waya unausukuma mkondo wa jirani yake pembeni, na faida ya kuzitenganisha inapungua.

Maungio yachukulie kwa uzito mkubwa. Kitanzi kizima kina omu 0.15. Skrubu moja iliyoshika kutu yenye omu 0.02 imekula zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya nguvu yako, na inapopata joto inazidi kuharibika. Lehemu kila kiungo au kibane kwa kibanio cha shinikizo, kisha kifunike maji yasiingie. Baada ya kurusha nusu saa, zima, hakikisha hakuna umeme, kisha gusa kila kiungo. Kilicho na vuguvugu ndicho chenye kosa.

Kapasita unayohitaji ni karibu mikrofaradi 1.5, ya plastiki ya polipropilini. Zile za seramiki za kawaida hazifai hapa, thamani yake inayumba kwa volti na joto. Usisome volti peke yake kwenye kapasita, tafuta mkondo inaoruhusu. Ampea 26 kwenye kapasita moja zitaichoma, kwa hiyo gawa kazi: kapasita 15 za mikrofaradi 0.1 zikiwa sambamba, kila moja inabeba chini ya ampea 2. Ni rahisi pia kutyuni kwa kuongeza au kuondoa vidogo vidogo. Kitanzi chenye ubora (Q, riaktansi ikigawanywa kwa ukinzani) wa 50 au 80 kina upana wa hezi mia moja na kitu, kwa hiyo mvua na upepo havikitoi kwenye tyuni kama vinavyoitoa antena ya wima. Na tafadhali, volti 330 zenye mkondo wa namna hii nyuma yake zinaua. Weka kapasita ndani ya kisanduku kinachofungwa, mahali ambapo mtoto hafiki.

Kwa amplifaya, fahamu kwamba zile za muziki zimetengenezwa kwa ajili ya muziki, na muziki una mapumziko. Ishara yako haina. Amplifaya ya wati 100 iendeshe kwa 50, iwekee feni, na unganisha kitanzi kupitia transfoma ya pete ya feraiti inayoshusha omu 4 hadi ukinzani wa kitanzi, uwiano wa mizunguko kama 5 kwa 1 kwa omu 0.15, kivitendo ardhi itauongeza, utaishia 4 au 3 kwa 1. Usiiache amplifaya ikate vichwa vya wimbi. Wimbi lililokatwa lina harmoniki ya tatu kwenye 24.8 kHz, na kwa mkondo uleule masafa hayo yanarushwa na kitanzi mara 81 zaidi. Eneo hilo lina stesheni za mawasiliano ya nyambizi, kama NAA ya Cutler, Marekani, kwenye 24.0 kHz. Tyuni ya kitanzi itazuia sehemu kubwa, lakini usiiachie kila kitu.

Jambo dogo la kuvutia: nguvu inayovuta na kusukuma ndani ya pete ya feraiti na kapasita inafuata mraba wa mkondo, kwa hiyo vifaa hivyo vikilia, vinalia kwenye 16.54 kHz. Kijana aliye chumbani anaweza kusikia mluzi mwembamba ambao wewe, ukiwa umeshapita miaka arobaini, pengine huusikii kabisa.

Kwa haki ya swali lako, lazima nikilinganishe kitanzi na antena ya wima. Nguzo zako zingeweza kubeba antena ya T yenye kimo kinachofanya kazi cha mita 18 hivi na kapasitansi ya pikofaradi 500. Nusu ampea tu ndani yake inarusha karibu mikrowati 100. Kitanzi chako chenye ampea 26, hata kikihesabiwa juu ya ardhi nzuri, kinarusha kama 25. Wima inashinda kwa takriban desibeli 6. Lakini nusu ampea hiyo inadai volti 19,000 kwenye waya wa juu na koili ya henri 0.74, ndoo nzima ya waya mwembamba iliyosukwa kwa uangalifu, yenye hasara ndogo, isiyoshika unyevu. Miti iliyo karibu inakula nguvu ya wima kwa sababu ya uga wake mkubwa wa umeme. Kitanzi hakijali sana miti. Mtu mwenye subira ya kusuka koili na nafasi ya wazi, namwambia aende na wima. Mwenye kiwanja chenye miti na watoto wanaocheza, namwambia aende na kitanzi, aipoteze hizo desibeli 6 kwa moyo mweupe.

Sasa ile njia ya tatu. Laza waya mrefu, tuseme mita 500, chini au juu ya vigingi, na kila ncha iunganishe na vyuma vya ethi vilivyozikwa. Mkondo unaenda kwa waya na kurudi kwa ardhi. Hapa ndipo uzuri ulipo: haurudi juujuu. Unashuka, na kina chake kinategemea jinsi ardhi inavyoukataa umeme. Kwenye mwamba mkavu wa omu-mita 1,000, mkondo wa 8.27 kHz unarudi kana kwamba uko mita 124 chini. Umepata kitanzi cha mita 500 kwa 124, mita za mraba 62,000, bila nguzo hata moja. Kwenye udongo wa omu-mita 100 kina kinashuka hadi mita 39, na kwenye tope la omu-mita 10 kinabaki mita 12. Ardhi ambayo mkulima anailaumu ndiyo unayoitaka.

Tatizo linahamia kwenye ethi. Katika mwamba, vyuma vyako viwili pamoja na waya vinaweza kufika omu 60, na wati 100 zitasukuma ampea 1.3 tu. Zidisha kwa eneo: momenti ni kama 80,000, dhidi ya 26,000 ya kitanzi cha nguzo. Katika nguvu hiyo ni karibu mara tisa. Kila omu unayopunguza kwenye ethi, kwa kuongeza vyuma na kuviachanisha, ni faida ya moja kwa moja. Jeshi la majini la Marekani lilitumia kanuni hiihii kwa antena zake za 76 Hz huko Clam Lake, Wisconsin, na Michigan, hadi mwaka 2004, na lilichagua maeneo hayo kwa sababu chini yake kuna mwamba mkongwe usiopitisha umeme vizuri. Zungushia uzio vyuma vyako, maana volti iliyo kwenye ardhi inayovizunguka inaweza kumpiga mnyama au mtu aliye peku anapokanyaga karibu.

Onyo moja kabla hujachanganya mambo mawili: kitanzi kilicholazwa bapa juu ya ardhi, chenye waya unaozunguka kiwanja, si antena ya ethi, na kwa masafa marefu hakifai. Taswira yake ndani ya ardhi inakifuta. Wachunguzi wa mapango wanakipenda kwa kuwa uga wake unazama wima kupenya mwamba, lakini wao wanataka mita mia kadhaa, wewe unataka kilomita.

Kuhusu ruhusa: kimataifa, masafa yaliyo chini ya 8.3 kHz hayajagawiwa huduma yoyote. Wengi huko Ulaya walikuwa karibu na 8.97 kHz hadi mkutano wa dunia wa mwaka 2012 ulipotenga 8.3 hadi 11.3 kHz kwa vifaa vya kupokea ishara za radi, wakahamia 8.27. Kutogawiwa si sawa na kuruhusiwa. Andikia mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako na upate jibu la maandishi. Kama watakataa, 135.7 hadi 137.8 kHz ni ya redio ya ridhaa kwa nchi nyingi, kikomo kikiwa wati 1 ya kurushwa, na kitanzi chako kitafanya maajabu zaidi huko.

Utakapowasha mara ya kwanza, rafiki yako atakusikia kilomita moja mbali kwa nguvu ya kushangaza. Mpongeze, lakini usiandike hilo kama mafanikio ya kurusha. Ndani ya kilomita 5.8, yaani urefu wa wimbi ukigawanywa kwa mara mbili ya pai, kinachotawala ni uga wa karibu, unaopungua kwa mchemraba wa umbali. Momenti ya 26,000 inaacha kama pikotesla 2.6 kwenye kilomita moja, na kilomita 5 mbali imebaki sehemu moja ya 125 ya hiyo. Jaribio la kweli linaanza kilomita 20 au 30, na hapo sikio halikusaidii tena. Utarusha masafa yasiyoyumba, yaliyofungwa kwenye saa ya GPS, na mpokeaji naye atafunga kompyuta yake kwenye GPS, kisha programu itajumlisha ishara kwa saa nyingi. Saa moja ya kujumlisha inatoa dirisha lisilofika theluthi moja ya milihezi, na ndani yake mikrowati 25 zina nafasi. Kwa ujumbe wa herufi, programu ya EbNaut ndiyo iliyobuniwa kwa kazi hii. Kwenye 136 kHz tumia FST4W, namna ya kidijiti ya kutuma ishara dhaifu, ambayo ina vipindi vya dakika 2, 5, 15 na 30.

Mwelekeo, uliloliuliza mwisho. Kitanzi cha wima kinarusha zaidi upande ambao waya zake zinanyooshea, yaani kwenye mstari wa nguzo zako, na kinakuwa kiziwi upande ambao unakitazama kama unavyotazama picha ukutani. Mpokeaji aliye nyuzi 45 kutoka kwenye mstari wa nguzo anapata nusu ya nguvu, na aliye nyuzi 80 anapata asilimia 3. Waya wa ethi unafuata kanuni hiyohiyo, unarusha zaidi kuelekea ncha zake, kwa hiyo ukiona nguzo zimeangalia upande usiotakiwa, lalisha waya kuelekea kwa mpokeaji. Pima mwelekeo kwa njia fupi ya duara la dunia, si kwa rula kwenye ramani bapa, kwa sababu kwa kilomita elfu kadhaa tofauti ya hizo mbili inaweza kuwa ya nyuzi nyingi. Waya wa mita 500 ukishaunganishwa na ethi zake haugeuzwi kwa siku moja.